Mtoto wa Sita wa Mama Delphine

Prof Gauthier alipowapa wanafunzi wa mwaka wa sita kazi ya historia, kila mmoja aandike maisha ya mwanamke aliyeugeuza mji huu, wengi walikimbilia majina yale yale ya vitabuni. Chancelvie Chama hakukimbilia popote. Mwanamke wake alikuwa mitaa mitatu tu kutoka kwao, hapo hapo Katuba, amelala kwenye godoro sebuleni, miguu imevimba, na watoto tisa asiowazaa wakicheza mbele ya mlango. Prof Gauthier alikuwa mtu mkavu, ila mwenye haki. Alipolisikia jina hilo aliliandika kwenye orodha bila swali hata moja, na wengine wote alikuwa amewahoji mpaka jasho likawatoka.

Na angeuliza nini? Nani Katuba hakumjua Mama Delphine Mulenga? Kwa miaka ishirini na zaidi aliwapokea watoto waliofukuzwa makwao kwa kuitwa wachawi. Uchawi wenyewe ulikuwa nini, hata ukitaka kucheka? Mtoto anakojoa kitandani. Mtoto ana tumbo kubwa. Baba amepoteza kazi, shangazi ameharibu mimba, basi nabii wa chumba cha maombi anafumba macho, anayafumbua, na kidole kinamwangukia mdogo kuliko wote, yule asiye na wa kumtetea. Kidole hicho hakijawahi kumwangukia mjomba mwenye gari. Manabii wa namna hiyo wangepewa jembe tu, walime, mji upumue.

Mama Delphine hakuwa na cheo wala shule ya kujivunia. Alikuwa fundi cherehani. Lakini alimshika mtoto mkono Jumapili asubuhi, akaingia naye katikati ya ibada, akamwambia nabii amwonyeshe mbele ya watu huyo mtu aliyeliwa na mtoto huyu, alikuwa nani, aliliwa kwa chumvi au bila chumvi. Watu wakacheka, na nabii anayechekwa hana tena unabii. Wahubiri walianza kumkwepa barabarani. Ofisi ya komini, serikali ya eneo hilo, ikampa karatasi yenye muhuri, televisheni ya mjini ikaja mara mbili, na watoto zaidi ya mia mbili wakapita katika lupango lake, ua ule wa matofali mabichi wenye kisima kimoja. Chola, mmoja wao, alikuwa sasa mwanamke wa miaka thelathini, na ndiye aliyemwogesha na kumlisha.

Kila Jumatano na kila Jumamosi Chancelvie alikaa kwenye kigoda na daftari lake la jalada la buluu, akaandika. Bibi, au Nkambo kama Chancelvie alivyomwita, alimtania. Alimwambia mwandiko wake ni wa kuku anayeparua mchwa, na kwamba mume wake wa kesho atamkimbia siku atakapopokea barua ya kwanza. Alimwambia alizaliwa Kamalondo, mjini hapo hapo, mwaka wa arobaini na tisa, baba yake mtu wa kaskazini aliyeletwa na kazi ya reli. Masista walimfundisha kushona. Akaolewa na Kunda, mfanyakazi wa tanuri za shaba, mtu mpole aliyekohoa miaka kumi kabla ya kufa. Yote hayo yaliingia daftarini na tarehe zake. Swali moja tu ndilo halikupata jibu. Chancelvie alipouliza kwa nini alianza kuwapokea watoto, bibi alimjibu alivyoijibu televisheni, kwamba ni mapendo ya Mungu tu. Alipouliza mara ya pili, jibu likawa lile lile. Mara ya tatu bibi akageukia ukuta.

Jumamosi iliyofuata alimtuma Chola sokoni kununua makala, mkaa wa kupikia, akawafukuza watoto wacheze nje, akamwambia Chancelvie afunge mlango.

"Andika," alisema. "Nilizala batoto sita. Haina batano. Wa sita njo Ruben."

Chancelvie aliandika. Alikuwa amekwisha kuandika majina matano, kuanzia Léonard, mzaliwa wa kwanza, na alidhani amesahau kumhesabu mtu. Lakini hakuwa amesahau. Jina lile halikuwa limetajwa katika nyumba ile kwa miaka ishirini na sita.

Kunda alikuwa amekufa mwezi wa pili, mwaka wa tisini na saba. Mwezi wa nne mjukuu wa kwanza alikufa pia. Nyumbani walikuwa wakila mara moja kwa siku, na siku nyingine hawakula. Mwanamke jirani aliwapeleka kwenye chumba cha maombi, nabii akafumba macho, akayafumbua, na kidole kikamwangukia Ruben, kitinda mimba, mwenye miaka minane na pengo mbele. Walimfungia siku tatu bila chakula. Wakamtia pilipili machoni ili kile kitu kitoke. Hakikutoka, kwa sababu hakikuwamo, na nabii akasema basi mtoto atoke yeye, la sivyo atawamaliza wote.

Bibi hakulia alipokuwa akisimulia. Alieleza alivyoeleza habari za cherehani, polepole, akingoja kalamu imfikie. Alisema waliondoka asubuhi, watu watatu, yeye na Ruben na Léonard. Léonard alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alimbeba mdogo wake mabegani, maana magoti ya mtoto yalikuwa yamevimba kwa kupigishwa magoti. Wakafika Kamalondo, wakamkalisha kwenye kibaraza cha fundi nguo, wakamwambia asiondoke hapo, mama anakwenda kununua mkate.

"Aliniuliza, 'Mama, utaleta na sukari?'" alisema bibi. "Nilimuambia ndiyo."

Kalamu ya Chancelvie ilisimama. Bibi akamwambia aandike na hilo la sukari.

Alivumilia siku tatu, ya nne akarudi Kamalondo mbio. Fundi alimwambia mtoto alikaa pale siku mbili. Alikataa kusogea hata mvua ilipoanza kumpiga, akisema mama yake alimwambia asiondoke. Asubuhi ya siku ya tatu fundi alipofungua duka hakumkuta. Mama Delphine alimtafuta sokoni, stesheni, kwenye madampo, hospitalini, hata mochwari. Alimtafuta mwaka mzima na zaidi. Siku moja alimwona kwa nyuma, shingo ile ile, akamshika bega. Mtoto akageuka, na uso ulikuwa wa mtoto mwingine. Huyo ndiye mtoto wa kwanza aliyemleta nyumbani, kwa kuwa mkono ulikuwa umekwisha kumshika na haukuweza kumwachia.

"Njo ile mapendo ya Mungu," alisema bibi.

Kisha akamwambia jambo alilomwitia. Akifa, watu watasoma maisha yake, na familia itasema watoto watano, kama ilivyosema siku zote. Msomaji atakuwa Chancelvie, kwa sababu ndiye mwenye maandishi. Hakuomba mengi.

"Useme sita," alisema. "Utaje jina yake mbele ya bantu bote. Mara moja tu. Unaniahidi?"

"Ndiyo, Nkambo. Nitalitaja."

Bibi alimshika kifundo cha mkono na kumtazama muda mrefu, kisha akaridhika. Chola aliporudi na makala aliwakuta wanazungumza habari za mishono ya zamani.

Siku tisa baadaye bibi alikufa, Jumatatu, kabla ya saa sita mchana.

Mjini hapa maiti haiendi malalo, yaani makaburini, bila kusomewa maisha yake. Unaweza kukosa jeneza zuri, unaweza kukosa mapadri wawili, lakini biographie lazima isomwe, mbele ya maiti na watu wakiwa kimya, na kila mtu anasikiliza kama mahakamani. Ukoo mzima unaweza kugombana kwa mstari mmoja: alizaliwa wapi, nani alimwoa kwanza, alizaa wangapi. Kinachosomwa pale bila mtu kupinga ndicho kitakachoitwa maisha yake. Kisichosomwa kinabaki maneno ya wapishi.

Basi chini ya maturubai, wanawake wakiwa mikekani na wanaume kwenye viti vya kukodi, familia ilikaa kikao. Wakakubaliana kwamba mwanafunzi ndiye asome, kwa kuwa marehemu mwenyewe alimpenda. Kuhusu yaliyomo, watoto watano walikuwepo kujisemea. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.

Léonard alimwita Chancelvie nyuma ya nyumba, karibu na kisima, akaomba daftari. Alikuwa na miaka karibu hamsini, mwalimu wa katekesi parokiani, mtu wa kuheshimiwa. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akitikisa kichwa kwa kukubali, mara akitabasamu. Alipofika kwenye ukurasa ule kidole kilisimama. Alisoma mpaka kwenye sukari. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu mzima na suti yake nyeusi.

"Ile siku alikuambia, nani alikuwa pale?"

"Hakuna muntu, Papa Léonard. Miye na yeye tu."

Hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alizungumza naye kwa sauti ya chini, na aliyoyasema hayakuwa ya kipumbavu. Alimwambia kwamba kesho wahubiri wa Katuba watakuwepo, wale wale waliomwogopa mama, na wakilisikia jina la Ruben watasema, mmeona, hata yeye alimfukuza wa kwake, kumbe alijua kwamba watoto wachawi wapo. Kazi yote ya miaka ile itageuzwa mdomoni mwao kwa siku moja. Wale tisa wanaocheza mlangoni nani atawalinda? Swali hilo hata leo ni vigumu kulijibu.

Chancelvie akajikaza, akasema alimwahidi bibi.

"Ahadi ya mufu, Mungu atakusamehea," alisema Léonard. "Haya ya bazima, nani ataisamehea? Niko na batoto, Chancelvie. Leo basikie kama nilibeba ndugu yangu pa mabega kwenda kumutupa?"

Hapo ndipo Chancelvie alipoona kwamba mtu huyu naye alikuwa na mtoto wa miaka minane shingoni miaka yote hiyo. Alimwonea huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyompokonya nguvu, maana ni rahisi kushindana na mtu mbaya kuliko na mtu anayetetemeka.

Nyumbani alimweleza mama yake nusu tu ya habari. Mama yake alimwambia familia ikishasema imesema, na mtoto wa watu haingizi mkono kwenye chungu cha jirani, hasa chungu cha msiba. Chancelvie hakulala vizuri, lakini kulipokucha alikuwa ameamua. Atasoma yote ambayo familia imeyapanga, na akifika kwenye watoto ataongeza maneno mawili. Mtoto wa sita, Ruben. Pumzi moja ingetosha.

Karatasi aliikuta tayari. Léonard alikuwa ameichapisha mjini, nakala mia mbili, picha ya bibi juu akiwa kijana amevaa kitambaa kichwani, na chini kabisa, kwa herufi za mlalo: imeandaliwa na kusomwa na mwanafunzi Chancelvie Chama. Watu walikuwa wanazo mkononi hata kabla hajafungua mdomo.

Lupango lilijaa mpaka barabarani. Kina mama wa parokia walikuja na vitenge vyao vya sare. Mjumbe wa komini alikuja, na wahubiri wanne walisimama karibu na geti, Biblia makwapani, nyuso zimekunjwa kwa heshima. Prof Gauthier naye alikuja, akasimama nyuma ya wanaume. Jeneza lilikuwa wazi. Wale tisa walikalishwa mbele chini, wamevaa nguo safi za kuazima, na mdogo wao alikuwa amelala usingizi begani kwa Chola.

Chancelvie alisoma. Sauti yake ilikuwa nzuri, hata yeye aliisikia kuwa nzuri. Alisoma Kamalondo na reli, masista na cherehani, tanuri na kifua cha Kunda. Akafika. "Mungu aliwajalia watoto watano," alisoma, akataja jina la kwanza mpaka la tano, akanyamaza.

Maneno mawili yalikuwa pale, ulimini. Aliinua macho. Hakuna aliyemkazia jicho. Léonard hakumtazama yeye, aliwatazama wanawe wawili, vijana warefu waliosimama na mashada ya maua. Wahubiri walikuwa wakisubiri kama watu wengine. Jua lilikuwa kali, mtu alikohoa. Akashusha macho kwenye karatasi na kusoma mstari uliofuata, wajukuu kumi na saba, na mstari uliofuata huo, na maisha ya Mama Delphine yakasonga mbele kwenye kinywa chake mpaka yakaisha. Hakuna aliyemziba mdomo. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko lote, kwamba mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyesimama mlangoni.

Watu walilia, wakamsifu. Kabla jeneza halijafungwa Léonard alimwendea, akamwomba daftari la buluu mbele ya umati, akasema kwa sauti kwamba mama aende na maisha yake yote, kama alivyoyaeleza mwenyewe. Wanawake wakaitikia kwa kilio, maana lilikuwa neno zuri. Mwanafunzi wa miaka kumi na saba atasema nini? Alilitoa. Likawekwa chini ya mikono ya bibi, ukurasa wa sukari ukiwamo, na misumari ikapigwa.

Waliporudi kutoka malalo, Chola alimletea sahani ya bukari, ugali wa huku, na samaki, akakaa naye mkekani. Alimwuliza kama ile Jumamosi ya makala mama alimwambia jambo, kwa sababu tangu siku hiyo alikuwa analala bila kuweweseka. Chancelvie alimwambia walizungumza mishono tu. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, ndivyo ulivyo.

Wiki tatu alikaa na jambo hilo, bila kula vizuri, akiambiwa na mama yake kwamba ameanza kukonda kwa masomo. Mwishowe alichukua karatasi mpya akaandika kazi yake ya historia upya, kwa kumbukumbu, tarehe kwa tarehe. Safari hii hakuruka kitu. Aliandika watoto sita. Aliandika pilipili, mabega ya Léonard, kibaraza cha fundi, mkate, sukari, mtoto aliyekaa siku mbili kwa sababu mama alimwambia asiondoke. Alilia akiandika, akajifuta, akaandika. Akajiambia kwamba amechelewa lakini amefika. Alimkabidhi Prof Gauthier siku ya Ijumaa.

Jumatatu wenzake walipotoka, mwalimu alimwomba abaki. Alikuwa na kazi yake mezani, na pembeni yake karatasi ya mazishi yenye picha ya bibi. Alimwambia kwanza kwamba ni kazi bora aliyoisoma katika miaka kumi na minne ya ualimu, na Chancelvie akajua kwamba kuna jambo. Kisha akaziweka karatasi mbili bega kwa bega, akamwonyesha kwa kalamu, hapa watano, hapa sita.

"Zote mbili ziko na jina yako," alisema. "Ya wapi njo ya uongo?"

"Ile nilisoma pa kilio, Prof."

"Mbele ya maiti?"

"Ndiyo, Prof."

Mwalimu alivua miwani. Alimwuliza kama kuna mtu mwingine aliyesikia habari za Ruben. Hakuna. Kuna maandishi ya bibi mwenyewe? Daftari liko kaburini. Alikuwa amekwenda kwa Léonard Jumamosi, alisema, kama mtu wa historia anavyopaswa kwenda, na Léonard alimwambia kwa upole kwamba mtoto wa watu amevurugwa na msiba, akampa karatasi hii tena, akamwonyesha jina lililo chini.

Alisema yeye kama Gauthier anamwamini. Akili ya mtoto haiwezi kubuni ile sukari. Lakini kazi hii itatumwa kwa mkaguzi na itawekwa kwenye maktaba ya shule, na akiulizwa ushahidi wa mtoto wa sita atamtaja shahidi mmoja tu, na shahidi huyo amesema watano mbele ya watu elfu moja, kwa jina lake. Alizungumza kwa uchungu, bila kumdhalilisha. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaweka rula, akapiga mstari mmoja mnyoofu juu ya ukurasa ule, kutoka kwenye jina la Ruben mpaka kwenye neno la mwisho, na pembeni akaandika kwamba chanzo cha habari hii hakiaminiki.

Akampa kumi na saba juu ya ishirini. Chancelvie alishukuru, akachukua karatasi zake, akatoka. Uwanjani wenzake walimzunguka kutaka kujua amepata ngapi, naye akawaonyesha jalada tu. Ruben alikuwa amepata hatimaye mtu wa kulisema jina lake, na mtu mwenyewe hakuwa tena wa kuaminiwa.